Kufinyanga Kilimanjaro darasani ukiwa pwani

Watoto ninaowafundisha Mikindani wanaijua bahari vizuri, lakini mlima mrefu kuliko yote Afrika wanauona kwenye picha tu, na picha huwapa kilele kimoja cheupe. Ndiyo maana naufinyanga nao. Mwalimu mwenzangu wa Mtwara au Lindi, fanya hivi.

Kwanza kipimio. Wima, sentimita 1 iwe mita 200. Rula ya mtoto ina sentimita 30, na Kibo, kilele kirefu kuliko vyote vitatu vya mlima huu, chenye mita 5,895, kinafika 29.5, karibu kuimaliza yote. Kata fito tatu za mwanzi: Kibo 29.5, Mawenzi (mita 5,149) 25.7, Shira (mita 3,962) 19.8. Ubao unaosimika fito ndio usawa wa bahari, yaani hapa petu. Ongeza kifito cha nne pembeni kisichofika sentimita 5: huo ni uwanda wa juu wa Makonde, usiofika mita 1,000. Mtoto aliyewahi kwenda Newala akauona mteremko ule hahitaji maneno mengi.

Shira magharibi, Kibo katikati, Mawenzi mashariki. Kibo na Mawenzi viko umbali wa kilomita 11 hivi. Mimi huweka sentimita 22. Mlalo umebanwa kuliko wima, hivyo miteremko itaonekana mikali kuliko ilivyo. Waambie.

Jaza tumbo kwa karatasi za mifuko ya saruji, kisha kandika udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na nyuzi za makumbi ya nazi usipasuke. Kati ya Kibo na Mawenzi acha uwanda kwenye sentimita 22 kwenda juu.

Vilele visifanane, maana hizi ni volkano tatu na kila moja ina historia yake. Shira kiliporomoka zamani: kibonyeze kwa kiganja kiwe bapa. Mawenzi kimeliwa na mmomonyoko: kichonge kwa gamba la chaza mpaka kitoke meno. Ukali huo ndio uliokichelewesha kupandwa. Eduard Oehler na Fritz Klute walikifikia 1912, ilhali Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walikuwa wamefika juu ya Kibo tangu 1889.

Kibo kina kasoko, yaani shimo la volkano kileleni. Bonyeza mdomo wa kikombe cha kahawa. Watoto wengi hudhani Uhuru ni mlima wa nne. Waonyeshe kuwa ni sehemu ya juu kabisa ya ukingo wa kasoko hiyo, upande wa kusini. Choma hapo njiti ya kiberiti yenye bendera, maana ndipo Alexander Nyirenda alipousimamisha Mwenge wa Uhuru, Desemba 1961.

Chokaa tumia kidogo, vipande vipande ukingoni. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo 1912 imetoweka, na kupaka kilele chote ni kuwafundisha mlima ambao haupo tena.

Anika kivulini. Ukikauka, uliza: uwanda ulio kati ya Kibo na Mawenzi uko juu au chini ya Shira? Wengi watasema chini, mpaka washike rula.