Namna ya Kulinda Mbegu ya Asili ya Mahindi Isiingiliwe na Vinasaba Vigeni

Mkulima anayetunza mbegu aliyorithi kwa wazee wake huhofia zaidi upepo, ilhali mlango mpana mara nyingi ni gunia. Mwaka 2001 watafiti David Quist na Ignacio Chapela waliripoti kwamba vinasaba vya mahindi yaliyobadilishwa kimaabara vimeonekana katika mahindi ya asili ya Oaxaca, nchini Meksiko, ambako upandaji wa mahindi hayo yaliyobadilishwa ulikuwa umesitishwa tangu 1998. Sehemu ya matokeo yao ilibishaniwa vikali, lakini njia iliyotajwa sana ya vinasaba hivyo kuingia ni nafaka ya chakula kutoka Marekani ambayo baadhi ya wakulima waliipanda.

Kwa hiyo usipande kamwe punje zilizouzwa au kugawiwa kama chakula, na kabla ya kubadilishana mbegu, muulize anayekupa aliipata wapi, ameipanda misimu mingapi na majirani zake hupanda nini.

Ndipo uufikirie upepo. Chavua, yaani unga wa kiume wa maua unaopeperushwa na upepo, hutoka kwenye mbelewele kileleni na kutua kwenye ndevu, na kila uzi wa ndevu huzaa punje moja, hivyo hindi moja laweza kuwa na baba wengi. Chavua ya mahindi ni nzito na nyingi huanguka karibu na shina lake. Umbali wa mita 200 hupunguza sana mchanganyiko, ingawa hauumalizi. Asiye na nafasi hiyo atumie muda, yaani apishane na jirani kwa wiki nne hivi. Hapa wengi hukosea, kwa sababu huhesabu siku za kupanda badala ya siku za kuchanua: mbegu inayokomaa haraka, hata ikichelewa kupandwa, yaweza kuchanua pamoja na ile inayokomaa polepole. Mpango huu haufanikiwi bila kuzungumza na jirani mapema.

Wakati wa kuvuna, mistari ya pembeni iwe ya chakula, na mbegu itoke katikati ya shamba, kwenye mimea isiyopungua 100, ili ukoo usidhoofike kwa kuzaliana wenyewe kwa wenyewe. Punje za njano katika hindi jeupe ni dalili ya chavua ngeni, lakini punje zote zikiwa nyeupe usijihakikishie, kwani mahindi mageni nayo huweza kuwa meupe. Vipo vipande vya kupimia vinavyochovywa katika maji ya jani lililopondwa, ila kila kimoja hutambua protini maalumu tu, na kutoona kitu hakumaanishi kwamba mbegu ni safi.

Kila msimu weka akiba ya mbegu iliyokaushwa vizuri katika chombo kisichopitisha hewa, yenye lebo ya mwaka na shamba ilikotoka. Ukigundua mchanganyiko, usiiteketeze mbegu yote kwa hofu. Rudi kwenye akiba ya mwaka uliotangulia, ipime, kisha uanze nayo upya.