Jinsi ya Kuandika Historia ya Makuzi ya Ndugu Anayeugua Skizofrenia

Daktari wa akili anayempokea mgonjwa mpya jijini Nairobi huwa na muda mfupi na maswali mengi, na maswali hayo hayaanzii juzi mgonjwa alipoonekana akijibizana na sauti ambazo wengine hawazisikii, bali huanzia tumboni mwa mama. Alizaliwaje? Alianza kutembea lini? Shuleni alikuwa mtu wa namna gani? Familia nyingi hubabaika hapo: baba anataja mwaka mmoja, shangazi anataja mwingine, naye mama amenyamaza kwa kuwa anahisi ameshtakiwa. Ni heri historia hiyo iandaliwe nyumbani kwa utulivu na kuandikwa kwenye karatasi, ili siku ya kliniki isiishie kwenye mabishano.

Suala la lawama liondolewe kabla kalamu haijashikwa. Katikati ya karne ya ishirini wako wataalamu waliofundisha kwamba skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwapo, huletwa na mama asiye na upendo, na dhana hiyo imekwisha kutupiliwa mbali. Urithi una uzito mkubwa: mtu ambaye mzazi wake mmoja anaugua ana uwezekano wa takriban 10 kati ya 100 wa kuugua, ilhali kwa watu wote uwezekano huo ni kama 1 kati ya 100. Hata hivyo, pacha wa kufanana na mgonjwa huugua katika takriban nusu ya visa au pungufu, ingawa wamechangia urithi uleule, kwa hiyo damu peke yake haiamui. Andika basi ni ndugu gani wa upande wa baba na wa mama waliowahi kuugua akili, kulazwa au kujiua, hata kama ukoo ulizoea kusema tu kwamba mjomba fulani “alipotea mjini”.

Kwa habari za mimba na kuzaliwa, tafuta kwanza kijitabu cha kliniki ya mama na mtoto. Kikiwa kimepotea, mwulize mama mambo machache yaliyo wazi: kama mimba ilitimiza miezi yake, kama alipata kifafa cha mimba, kama uchungu ulikawia, na kama mtoto alilia mara moja au alicheleweshwa na kukosa hewa. Asiyekumbuka mwezi atakumbuka kama ilikuwa kabla au baada ya mvua za El Niño za 1997, au mlipuko wa bomu wa Agosti 1998, na ukame wa 1984 unawasaidia wenye wagonjwa waliopita miaka arobaini. Ukame huo si alama ya kalenda tu. Watoto waliotungwa mimba wakati wa kilele cha njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945 walionekana baadaye kuwa na skizofrenia takriban mara mbili ya wenzao, na matokeo ya namna hiyo yakapatikana pia kwa waliozaliwa katika njaa kuu ya China ya 1959 hadi 1961. Kwa hiyo kama mama alishinda na njaa, andika.

Kutembea na kusema vinahitaji mstari mmoja au miwili tu. Utafiti wa Uingereza uliowafuatilia watoto waliozaliwa katika juma moja la Machi 1946 uliona kwamba waliokuja kuugua walichelewa kutembea, lakini kwa wastani wa mwezi mmoja na kidogo, na kwamba wakiwa na miaka 4 na 6 walipenda zaidi kucheza peke yao. Tofauti ndogo kama hiyo huonekana katika maelfu ya watoto; haimtambulishi mtoto mmoja sebuleni kwako, na mzazi asianze kumtilia shaka mdogo wa huyo mgonjwa kwa sababu anapenda kukaa pekee.

Shule ndiyo sehemu ya kutumia muda mwingi. Kusanya ripoti zote zilizosalia tangu darasa la kwanza, uzipange kwa miaka, kisha utazame mahali mwelekeo ulipobadilika. Neno “alikuwa mtoto mzuri” halimsaidii daktari. Kinachomsaidia ni kujua kwamba katika darasa la sita alikuwa miongoni mwa kumi bora, kidato cha kwanza akashuka hadi katikati, na kidato cha pili mwalimu akaandika kwamba hashiriki kitu chochote. Andika pia alikuwa na marafiki wangapi wa kweli, kama alicheza mpira au aliimba kwaya, na ni lini waliacha kumtembelea. Umuhimu wake ni huu: mtu aliyekuwa na marafiki na shughuli zake, kisha akaugua ghafla, kwa kawaida huwa na matumaini bora ya miaka ya mbele kuliko yule aliyekuwa akififia polepole tangu utotoni, ambaye mara nyingi husumbuliwa zaidi na kukosa ari, kunyamaza na kujitenga hata sauti zikishatulizwa na dawa. Kwa mgonjwa wa aina hii ya pili, familia inapaswa kudai mapema msaada wa kujifunza kazi na kuishi na watu, wala isingoje dawa pekee ifanye yote.

Shule za bweni huleta ugumu wake. Mabadiliko ya kwanza huonwa na mwalimu wa zamu au mwenzake wa kitanda cha juu, na mara nyingi hutafsiriwa kuwa ufidhuli, kijana akapewa barua ya kusimamishwa badala ya barua ya kwenda hospitali. Barua hizo zihifadhiwe, kwa sababu zina tarehe.

Kuhusu ujana, zungumza na mgonjwa mwenyewe akiwa ametulia, na umweleze karatasi hiyo ni ya nini. Si haki maisha yake yasimuliwe kana kwamba hayupo. Mwulize kuhusu bangi, miraa na muguka: alianza na umri gani, kwa wingi gani, na kama anaendelea. Uchunguzi wa vijana walioingia jeshini Uswidi mwaka 1969 na 1970 ulionyesha kwamba waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walikuja kupata skizofrenia takriban mara 6 ya wasiovuta, ingawa tofauti hiyo ilipungua mambo mengine ya maisha yao yalipozingatiwa. Anayeendelea kuvuta baada ya kuugua hurudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi, na ndiyo sababu jibu la kweli ni bora kuliko jibu la kumridhisha baba. Maswali ya kupigwa, kunajisiwa, kufiwa na mzazi au kufurushwa nyumbani, kama ilivyozikuta familia nyingi katika ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, yaulizwe faraghani na mtu anayeaminiwa, na asipotaka kujibu aachwe. Ongeza majeraha ya kichwa, kifafa, homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani, kwa maana daktari lazima aondoe kwanza magonjwa mengine yanayofanana na huu.

Sasa tarehe ya mwanzo, ambayo kwa maoni yangu inashinda yote yaliyotangulia. Karatasi nzuri husomeka hivi: “Aprili 2024: alirudi likizo akiwa haongei, akaacha kwaya. Mei: alibandika magazeti dirishani, akasema majirani wa ghorofa ya pili wanamrekodi, akakataa kurudi shuleni. Agosti: alipelekwa maombi. Novemba: kliniki kwa mara ya kwanza.” Humo mna tarehe mbili tofauti, ya kujitenga na ya kuanza kuamini yasiyokuwapo, na kuanzia hiyo ya pili hadi kliniki ni miezi sita bila tiba. Kadiri muda huo unavyorefuka ndivyo nafuu inavyoelekea kuwa ndogo, tena huo ni muda ambao watu wanaweza kuufupisha, tofauti na kuzaliwa au urithi. Kwa sababu hiyo maombi na safari za kwa mganga ziandikwe bila aibu. Daktari mwenye busara hazihitaji kwa kejeli, anazihitaji kwa hesabu.

Karatasi ikishakamilika, isisomwe kama hukumu. Kuanza kuugua mapema sana huelekea kuleta safari ngumu zaidi, na wanawake, ambao kwa kawaida huugua wakiwa na umri mkubwa kidogo kuliko wanaume, mara nyingi hupata nafuu bora. Lakini hayo ni mambo ya makundi. Shirika la Afya Duniani husema angalau mtu 1 kati ya 3 wenye skizofrenia anaweza kupona kabisa. Mengi yanategemea yanayofuata. Tafiti nyingi zilipojumlishwa mwaka 2012, waliorudiwa na ugonjwa ndani ya mwaka mmoja walikuwa 27 kati ya 100 kwa walioendelea na dawa, na 64 kati ya 100 kwa waliobadilishiwa wakapewa vidonge vya kuigiza visivyo na dawa ndani. Nyumba nayo ina sehemu yake: mtafiti George Brown na wenzake walionyesha London kwamba wagonjwa waliorudi katika nyumba za kukosoana na uhasama walirudiwa zaidi. Acha nafasi mwishoni mwa karatasi ya shinikizo la damu, sukari, uzito na sigara, kwa kuwa wengi wa wagonjwa hawa hufa mapema kwa maradhi ya moyo na mengineyo ya mwili ambayo hakuna aliyeyaangalia.

Toa nakala mbili. Moja iingie kwenye faili la hospitali, iwe ni Mathari kando ya Barabara ya Thika au kliniki ya kaunti iliyo karibu nawe, na nyingine ibaki nyumbani pamoja na orodha ya dawa na vipimo vyake, kwa kuwa daktari wa mwezi ujao huenda akawa mwingine. Kila anaporudiwa au kubadilishiwa dawa, ongeza mstari wenye tarehe siku hiyohiyo.