Kabla ya kupaka silikoni upya bafuni: mambo ya kuzingatia

Silikoni, ule mpira laini wa kwenye tyubu unaoziba mianya, ikipakwa vibaya kuzunguka hodhi la kuogea au sakafu ya shawa haichukui muda kujionyesha. Inabanduka pembeni, inaota ukungu mweusi, au inaacha mwanya ambao ukucha unapita. Wengi wetu tukiiona hali hiyo tunakimbilia dukani, tunanunua tyubu mpya na kuipaka juu ya ile ya zamani. Pesa hiyo imepotea, kwa sababu silikoni mbichi haishikani na silikoni iliyokwisha kukauka. Kupaka kwenyewe ni kazi ya nusu saa. Kinachoamua kama itadumu ni yale unayoyafanya siku mbili tatu kabla.

Kwanza ujue kwa nini ile ya mwanzo ilishindwa. Katika nyumba nyingi, fundi wa vigae huziba kona kwa simenti nyeupe au grauti (ile ya kujazia mianya ya vigae), kisha anapitisha utepe mwembamba wa silikoni juu yake ili pang'ae. Lakini hodhi linacheza. Likijaa maji na mtu akaingia ndani, linashuka kidogo, na ukuta haushuki nalo. Simenti haivutiki, kwa hiyo inapasuka na kuipasua silikoni iliyo juu yake. Simama ndani ya hodhi huku mwenzako ameinama anautazama mwanya. Akiuona unafunguka na kufunga, tatizo ni miguu ya hodhi au matofali liliyokalia, na hilo ndilo la kurekebisha kwanza.

Hakikisha pia kwamba maji yanayolowesha ukuta wa chumba cha pili yanapitia hapo kweli. Tangi la juu likiwa limejaa, funga mabomba yote ya nyumba na uitazame mita ya National Water, shirika letu la maji hapa Uganda. Ikiendelea kuzunguka, kuna bomba linalovuja, na silikoni haitakusaidia kitu. Mwite fundi bomba. Ikitulia, jaza hodhi kwa utaratibu bila kurushia maji ukutani, lifungulie litoke, uangalie kama unyevu unatokea. Ukitokea hapo, shuku tundu la kutolea maji na bomba lake la chini. Usipotokea, sasa mwagia maji kwenye ule mwanya; unyevu ukija hapo, silikoni ndiyo yenye kosa.

Sehemu inayochosha, na ambayo mafundi wenye haraka huiruka, ni kukwangua. Kata mstari mmoja juu ya silikoni, kwenye kigae, na mwingine chini yake, kwenye hodhi, halafu uivute taratibu. Ikikubali inatoka ndefu kama utepe. Hodhi la plastiki tumia kikwangulio cha plastiki, maana wembe utalichora. La chuma lililopakwa enameli linavumilia wembe, mradi uulaze bapa. Ukidhani umemaliza, pitisha kidole kikavu. Pale kinapokwama kwama kama kimegusa mpira, bado kuna utando wa silikoni ambao jicho halioni. Nyunyiza maji kidogo: yakijikusanya matone matone badala ya kutandaa, rudi ukwangue tena. Spiriti itaondoa mafuta na mabaki ya sabuni, lakini utando huo haiuyeyushi.

Ukungu ulioingia kwenye grauti pakaa Jik (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) iliyochanganywa na maji, uiache kidogo, kisha suuza sana. Fungua dirisha, na usiichanganye kamwe na siki, dawa ya choo yenye asidi wala dawa yenye amonia. Hewa inayotoka hapo inachoma mapafu, na bafu zetu nyingi zina kidirisha kidogo tu karibu na dari.

Baada ya hapo, acha pakauke. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Uso wa kigae hukauka kwa saa moja, lakini grauti na plasta iliyo nyuma yake hushika maji muda mrefu. Kaa siku nzima bila mtu kuoga hapo, ikiwezekana siku mbili, na kama una feni ielekeze kwenye kona. Katika misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba kwa sisi wa Kampala na maeneo ya jirani, ongeza siku. Unyevu wa hewani si adui, kwani silikoni huutumia ili ikauke. Adui ni maji yaliyo juu ya kitu unachotaka ishike. Kwa walio Kabale, kule milimani kusini-magharibi, baridi nayo huichelewesha, basi msiharakishe.

Dukani, iwe Ndeeba hapa Kampala au kwenye hadiwea ya mtaani kwako, omba silikoni ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu. Usikubali akriliki, ambayo huuzwa katika tyubu ya umbo lile lile kwa bei ya chini. Hiyo ni ya kuziba nyufa za ukuta kabla ya kupaka rangi. Soma tarehe ya kuisha muda. Silikoni inayonuka siki inafaa kwa vigae vya kawaida, ila asidi yake hushambulia marumaru na vipande vya mawe vilivyomo kwenye terazo (simenti iliyochanganywa na vipande hivyo na kusuguliwa ing'ae), na nyumba nyingi za zamani zina terazo bafuni. Huko nunua ile isiyonuka siki. Kuhusu kiasi, hodhi lenye urefu wa mita 1.7 na upana wa mita 0.7, lililogusa kuta tatu, lina mita 3.1 za kuziba. Tyubu moja ya mililita 280 yenye mstari wa milimita 6 hufika karibu mita 8. Tepu ya karatasi ya wapiga rangi ndiyo itakayokupa mstari ulionyooka.

Akiba ya maji nayo iandae. Hodhi linatakiwa lijazwe kabla ya kupaka, ili lishuke na mwanya ufunguke kabisa, na libaki limejaa mpaka silikoni ikauke, angalau saa 24. Hiyo ni jerikeni nyingi za lita 20, na maji yakikatika asubuhi hiyo kazi imesimama.

Ukimpa fundi kazi, mkubaliane mapema kwamba malipo yanahusu kukwangua pia, na umwambie kwa adabu: "Fundi, kabla hujafungua tyubu, niite nitazame." Aliyepanga amjulishe mwenye nyumba kwanza, maana ukuta ulioharibika ni wake. Panga pia familia itaoga wapi; beseni na maji ya moto uani vinatosha. Siku hiyo zima valvu ya shawa kabisa, kwa sababu mtoto anayerudi shuleni jioni na vumbi lake hakuwepo ulipotoa tangazo.