Piki zimetanuka kwenye GC? Soma hii kabla hujakata kolamu

Wakuu habari za jioni, natoka maabara sasa hivi, hapa Mwanza umeme ulikatika juzi na tulivyowasha GC, mashine inayotenganisha kemikali za sampuli kwa gesi, piki (vile vilele vya kwenye grafu, kila kimoja kemikali yake) za sampuli za sangara tunazopima mabaki ya sumu kama DDT zikawa pana zote, zile zilizozoea kusimama kama mlingoti zikawa kama kilima cha Capri Point. Kijana akataka kubadilisha kolamu, ule mrija mrefu mwembamba unaotenganisha kemikali, papo hapo. Nikamwambia subiri. Kolamu ni hela, na mara nyingi haina kosa lolote.

Kwanza kabisa usiguse kitu. Printi kromatogramu (grafu ya piki) ya leo na ile ya siku mashine ilipokuwa nzima, ziweke pamoja mezani, halafu jiulize: zimetanuka zote, au za mwanzo tu, au ni moja peke yake? Jibu la hapo ndo linakupeleka kwenye sehemu ya kufungua. Ukianza kufungua ovyo unabadilisha vitu vitano kwa mpigo na hata ikipona hujui kilichoiponya.

Zote zimetanuka, na muda wa kutoka haujabadilika: angalia upande wa ditekta. Sisi tunatumia ECD, ditekta inayonasa kemikali zenye klorini kama DDT, na kilichotukuta ni gesi ya mekapu, ile ya nyongeza inayoingia kwenye ditekta, umeme uliporudi hakuna aliyeiwasha. Kolamu nyembamba inatoa kama mililita 1 tu kwa dakika na chumba cha ECD ni kikubwa kwa mtiririko mdogo hivyo, kwa hiyo bila mekapu kemikali inaingia mle inazunguka zunguka haitoki haraka, na piki inatanuka wakati kolamu yenyewe imefanya kazi yake vizuri. Inatakiwa kama mililita 30 hadi 60 za nitrojeni kwa dakika, fuata kitabu cha mashine yako, na pima kwa floumita pale gesi inapotokea, usiishie kusoma skrini. Tulivyowasha tu piki zikasimama.

Zote zimetanuka na muda nao umehama: hapo ni gesi ya kubeba, ile inayosukuma sampuli ndani ya kolamu. Tafuta panapovuja, angalia septamu (kizibo cha mpira kinachotobolewa na sindano ya sampuli), hakikisha mtungi haujakaribia kuisha.

Za mwanzo tu: hiyo ni injekta, pale sampuli inapoingilia, au joto la kuanzia la oveni. Kama unapiga (unadunga sampuli) bila spliti, yaani bila kuigawa na kumwaga sehemu yake, na kimiminika chako ni heksani, ambayo inachemka kwenye nyuzi 69, anza oveni kwenye nyuzi 50 hadi 60 ili sampuli ijikusanye mwanzoni mwa kolamu, ukianza na 90 inaingia imetawanyika. Fungua pia injekta utoe laina, kile kibomba cha kioo cha ndani, uishike kwenye mwanga. Ya sampuli za samaki utaona mafuta ya kahawia na vipande vya septamu, weka mpya, halafu hapo ndo ukate sentimita 20 hadi 50 za mwanzo wa kolamu. Pitisha feruli, ile pete ya grafaiti inayobana kolamu, kwanza ndo ukate, maana grafaiti inaingia kwenye tundu la kolamu, na mkato uwe umenyooka, uangalie kwa lenzi. Urefu unaoingia kwenye injekta upime kwa rula, milimita chache tu zinaharibu.

Nasisitiza haya kwa sababu piki pana ni fupi, inazama kwenye kelele za chini, na mabaki madogo ya sumu yanapita bila kuonekana. o,p'-DDT (aina mojawapo ya DDT) na p,p'-DDD (zao la DDT ikivunjika) zinatoka karibu karibu kwenye kolamu nyingi, zikitanuka zinaungana. Sisi wa kanda ya ziwa hatujasahau 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu za kuvulia, watu wa viwandani na mwaloni walikaa bila kazi.

MASWALI

Mkuu, mimi heli imeisha nimeweka nitrojeni, piki zimenenepa.
Ndugu, nitrojeni haipendi mbio. Heli unaipeleka sentimita 30 kwa sekunde haina shida, nitrojeni inafanya vizuri kwenye kama 12, kwa hiyo kwenye kolamu ya mita 30 gesi yenyewe inachukua dakika 4 na kitu kupita. Punguza mwendo ukubali kusubiri. Na kwenye programu umebadilisha jina la gesi? Kama bado imeandikwa heli, mtiririko unaohesabiwa ni wa uongo.

Kaka, kwangu ni piki moja tu pana, katikati ya nyembamba.
Hiyo dada yangu inawezekana kabisa ni ya sampuli iliyotangulia, ilichelewa kutoka ikaibukia kwenye ya sasa. Piga heksani tupu mara mbili mfululizo. Ikionekana ya kwanza na kupotea ya pili, ongeza dakika za mwisho oveni ikiwa kwenye joto la juu.

Nimejaribu yote, bado, na piki imeegemea mbele.
Izimue mara 10 uipige tena. Ikinyooka, ulikuwa unaijaza kolamu kupita uwezo wake.