Waifai ya ukumbi wa watu 800: anza na hesabu, si na kununua vifaa

Mteja akinipigia kutaka waifai ya ukumbini, swali lake huwa moja: "Itafika mpaka nyuma?" Kufika itafika. Funga kifaa kimoja kizuri cha kurusha waifai kwenye ukumbi mtupu, simu itaonyesha mistari yote mpaka chooni. Shida ni siku watu 800 wameketi na MC anawaambia wapige picha watupie mtandaoni. Kwenye chaneli moja ya waifai, yaani njia moja ya mawimbi, anaongea mmoja tu kwa wakati mmoja, wengine wote wanasubiri zamu, kama kikao chenye maikrofoni moja.

Kwa hiyo anza na hesabu. Kati ya watu 800, mimi huchukulia kwamba nusu watakuwa mtandaoni kwa pamoja. Wakiwa vijana wa teknolojia napandisha zaidi. Hizo ni simu 400, na kila kifaa nakipa simu 50, basi vinahitajika vifaa vinane. Boksi litakuambia kifaa kinabeba mamia ya simu, lakini kuziunganisha si kuzihudumia. Simu ya kawaida yenye antena mbili, kwenye Wi-Fi 5 (kizazi cha tano cha waifai) na chaneli yenye upana wa 20 MHz, inafika kasi ya 173 Mbps (megabiti kwa sekunde) kwenye karatasi. Kwa vitendo shika kama nusu yake, kisha wagawie hao 50. Wote wakivuta pamoja, kila mmoja anapata chini ya 2 Mbps. WhatsApp na picha zitapita, ila video usimwahidi mtu.

Sasa chaneli. Waifai hutumia zaidi masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz. Masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Nayawasha kwenye vifaa viwili au vitatu kwa ajili ya simu za zamani, kwingine nazima. Kazi kubwa ipeleke 5 GHz, chaneli 36, 40, 44, 48, 149, 153, 157 na 161. Ni nane, kila kifaa na yake. Zile za katikati, 52 mpaka 144, zina sharti la rada: kifaa kikisikia rada lazima kihame papo hapo, na waliokuwa wameunganishwa wanakatika. Ukumbi ukiwa jirani na uwanja wa ndege, mimi sizigusi. Hakiki pia kanuni za nchi yako, kwa Tanzania ni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na upana wa chaneli uache 20 MHz. Ukiweka 80 MHz, kifaa kimoja kinameza 36 mpaka 48 zote nne.

Hapa ndipo tunapogombana na wenye kumbi. "Fundi, si ufungulie nguvu mpaka mwisho?" Hapana. Kifaa kikipiga kelele, simu iliyo mbali inakisikia vizuri, lakini yenyewe haina nguvu ya kujibu. Inasikia, haisikiki. Mtu anaona mistari imejaa na ukurasa haufunguki. Shusha nguvu ili kila kifaa kihudumie eneo lake tu.

Miili ya watu nayo ni maji matupu, inakula mawimbi. Ndiyo maana vipimo vya ukumbi mtupu vinadanganya. Dari likiwa fupi, funga juu, katikati ya safu za viti, simu zikione kifaa bila kichwa cha mtu kuingilia. Dari likiwa la mita nane au tisa, tafuta antena za kuelekeza chini, la sivyo kila kifaa kitamwaga mawimbi ukumbi mzima na hesabu ya chaneli itakuwa bure. Viwanja vingi vya mpira huko nje huvifunga chini ya viti, na miili ya mashabiki inageuka kuta za bure kati ya kifaa na kifaa.

Kwenye mipangilio, zima kasi za chini, anzia 12 au 24 Mbps, maana simu moja inayojikokota inakula muda wa wenzake. Majina ya mtandao yasizidi mawili. Kila jina linajitangaza karibu mara kumi kwa sekunde, kwenye kila kifaa, kwa hiyo wadhamini watano wakitaka kila mmoja jina lake, kataa. Zuia simu zisionane zenyewe kwa zenyewe.

Anwani za IP, namba ambazo kila simu hupewa ikijiunga na mtandao, husahaulika. Mtandao wa ukubwa wa /24 una anwani 254 tu, zinakwisha kabla ya chai ya saa nne. Weka /21, upate 2,046, na muda wa kushika anwani uwe saa moja au mbili.

Swichi, inayolisha vifaa umeme kupitia kebo ya mtandao, ipigie hesabu ya umeme: vifaa vinane vya wati 30 ni wati 240, na swichi nyingi za bei nafuu hazifiki hapo. Kebo isipite mita 100. Weka UPS, yaani betri ya akiba, maana umeme ukikatika kabla jenereta haijashika, vifaa vyote vitaanza kuwaka upya huku mgeni rasmi yuko jukwaani.

Na kompyuta ya mtoa mada, mashine ya usajili mlangoni na kamera ya mubashara, zote zivutie kebo.