Kujaribu programu mpya bila kugusa ile ya kazi

Katika sekretaria zinazochapa TFC (kazi za mwisho wa masomo) za wanafunzi hapa Lubumbashi, mara nyingi kompyuta moja ndiyo inabeba Word ya zamani, fonti za wateja na kazi ambazo hazijalipiwa. Usiisakinishie Microsoft 365 ya majaribio moja kwa moja. Toleo jipya linaweza kuliondoa la zamani au kugongana nalo, na kila .docx itaanza kufunguka kwenye hilo jipya. Mwezi wa bure ukiisha bila kulipia, utasoma na kuchapisha tu, huwezi tena kuhariri. Na ukiliondoa, haimaanishi kwamba kila kitu kitarudi kama zamani.

Anza kwa kuangalia aina ya Windows: Paramètres, Système, kisha À propos de. Ikiwa ni Professionnel ya biti 64, Windows 10 toleo 1903 au jipya zaidi, unayo sehemu iitwayo « Bac à sable Windows ». Hiyo ni Windows safi inayofunguka ndani ya dirisha, na ukiifunga kila kitu kilichomo kinafutika. Windows ya aina ya Famille haina. Inataka RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya GB 4, lakini kwa GB 4 utachoka, afadhali 8.

Fungua Gestionnaire des tâches, Performance, Processeur. Panapoandikwa Virtualisation (uwezo wa kuendesha Windows ndani ya Windows) pawe Activé. Kama sivyo, iwashe kwenye BIOS, mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka (HP nyingi ni F10, Dell F2): kwa Intel tafuta VT-x au Virtualization Technology, kwa AMD tafuta SVM. Kisha andika « Activer ou désactiver des fonctionnalités Windows » kwenye utafutaji, weka alama kwenye Bac à sable Windows, anzisha kompyuta upya.

Hapa ndipo wengi wanapoteza kazi. Umeme wa SNEL ukikatika na betri haipo, kilichokuwa ndani kimekwenda chote. Kwa hiyo tengeneza folda C:\Jaribio, tia ndani kisakinishi na nakala ya faili za kujaribia, halafu andika haya kwenye Notepad na uyahifadhi kwa jina jaribio.wsb:

<Configuration><MappedFolders><MappedFolder><HostFolder>C:\Jaribio</HostFolder></MappedFolder></MappedFolders></Configuration>

Ukibonyeza faili hiyo mara mbili, folda itaonekana kwenye bureau ya ndani, na utakachohifadhi humo kitabaki. Weka nakala tu: programu ya ndani inaweza pia kufuta vilivyomo.

Pakua kisakinishi kamili, kile kisichohitaji intaneti. Kile kidogo kinachovuta vilivyobaki mtandaoni kitakula megabaiti zako upya kila unapofungua.

Programu inayodai kompyuta izimwe na kuwashwa haitaenda kwenye bac à sable ya Windows 10; Windows 11 kuanzia 22H2 inakubali. Kwa programu ya namna hiyo, au kwa jaribio la wiki kadhaa, chukua VirtualBox, programu ya bure inayounda mashine ya kubuni ndani ya kompyuta yako, na Windows Entreprise ya majaribio ya siku 90 kutoka Microsoft. Kompyuta yenye GB 8 iipe mashine hiyo 4, na diski ya GB 64 inayokua kadiri inavyotumika. Kabla ya kusakinisha chochote piga « instantané », yaani picha ya hali ya mashine ilivyo wakati huo. Kitu kikiharibika, rudi hapo. Usitumie njia hii kuanza upya majaribio yaliyokwisha: ni kuvunja leseni.

Kompyuta ya GB 4 haitabeba mashine hiyo. Hapo tengeneza « point de restauration » (hali ya Windows unayoweza kuirudia) baada ya kuhakikisha Protection du système imewashwa kwa C:, na unakili nyaraka zote kwenye diski ya nje. Ukirudi nyuma, programu na mipangilio hurudi ila nyaraka haziguswi, hata zile zilizoharibika.

Faili za uhasibu ndizo za kuogopa zaidi. Programu nyingi hubadilisha faili ya kampuni mara tu toleo jipya linapoifungua, na la zamani halitaisoma tena. Fungulia nakala, kamwe si faili halisi.

Kama wenye programu ya majaribio wameomba kadi ya benki, zima malipo ya kujirudia siku ileile unapoanza.