Una nusu siku Dodoma? Zunguka mjini kwa miguu hivi

Watu wengi wakija Dodoma wanaishia Mtumba kwenye ofisi za wizara, wanagongewa muhuri wao, wanadaka treni ya jioni kurudi Dar halafu wanatangaza kwamba Dodoma hamna kitu. Sasa mji wenyewe ulikuwa hujauona, Mtumba ni karibu kilomita 17 kutoka katikati. Mjini kwenyewe ni padogo, masaa matatu manne ya kutembea yanatosha kabisa, ila inategemea umeanzia wapi.

Anzia stesheni ya zamani. Sio ile ya SGR, ile iko nje ya mji, na stendi kubwa ya mabasi nayo iko Nzuguni, kwahiyo kokote utakakoshukia panda bajaji mwambie dereva stesheni ya zamani, na bei mpatane kabla hujakaa maana ukishakaa tu na begi umeshaonekana mgeni. Kwanini pale? Kwa sababu reli ya Wajerumani ilifika hapa 1910 na mji ukaota kuizunguka, ndo maana Uhindini, maduka ya jumla na soko la Majengo vyote viko jirani jirani. Nenda asubuhi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, kwahiyo asubuhi kuna kaubaridi, mwezi wa saba ndo usiseme beba sweta, ila saa sita jua linapiga kisawasawa na upepo unakubebea vumbi la bure mpaka mdomoni.

Ukiwa unatembea kumbuka jina la mji. Kigogo idodomya ni kuzama, wengi watakwambia ni tembo alikuja kunywa maji akanasa kwenye tope. Mimi naipenda ile nyingine, kwamba jamaa wa hapa waliiba ng'ombe za Wahehe, wakazila zote wakabakiza mikia, wakaichomeka kwenye tope, wenyewe walipokuja kuulizia wakaoneshwa mikia wakaambiwa poleni sana, mifugo yenu imezama. Ipi ya kweli sijui ila ukimpigia mzee yeyote pale Majengo stori ya mikia atacheka, na ukianza na "mbukwenyi" badala ya mambo vipi hata bei inalegea kidogo.

Kutoka hapo vuka uje Nyerere Square, kaa kwenye kivuli upumzike, sanamu ya Mwalimu ipo hapo na mahali pake ni hapo kweli, maana uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulipitishwa na TANU 1973, yeye akiwa ndo kiongozi wake. Kilichonishangaza mimi ni ramani. Kampuni moja ya Toronto, Canada ilichora mpango wa mji 1976 na wazo lao lilikuwa mji wa watu kutembea kwa miguu na kupanda basi, sio mji wa magari. Kwahiyo wewe na viatu vyako vyenye vumbi ndo unafuata mpango! CDA, mamlaka ya kustawisha makao makuu, waliousimamia mji miaka yote hiyo walivunjwa 2017, na jiji limetangazwa Aprili 26, 2018, lakini wenye viwanja mpaka leo ukitaja CDA wanaguna.

Halafu angalia juu. Ukiona kuba kubwa usivue viatu haraka, lile moja ni kanisa kuu la Anglikana, wageni wanachanganya kila siku. Msikiti ni ule wa Gaddafi, uliojengwa kwa msaada wa Libya ukafunguliwa 2010, unaingiza watu kama 3,000, Ijumaa mchana barabara za karibu hazipitiki kwahiyo panga vizuri. Kama unapenda mawe kuna makumbusho ya jiolojia, nenda siku ya kazi, wengi hawajui hata kama ipo.

Njaa ikiuma, kuku wa kuchoma wa Chako ni Chako anajulikana nchi nzima, ila ukitaka chakula cha kwao hasa tafuta mama ntilie mwenye ugali wa mtama au uwele na mlenda. Mlenda usiukate na kijiko, tonge unalizungusha hivi halafu unalivuta haraka, vinginevyo shati limekwisha. Ukimaliza daladala utazipata Jamatini, jina limetokana na jamatkhana, nyumba ya ibada ya Waismailia, ya hapo hapo mjini.

Na zabibu jamani. Zinavunwa misimu miwili, Februari Machi hivi halafu Agosti Septemba, wauzaji wanazipanga juu ya ndoo, vichane vizuri vinakutazama wewe. Omba uonje, lakini chuma punje ya chini ya kichane sio ya juu, ya juu ndo huwa tamu zaidi kwa kawaida, ya chini ikiwa tamu basi kichane chote kiko safi. Ule unga mweupe juu ya ganda usiufute, ukiwepo ujue hazijashikwashikwa sana. Zibebe kwenye kikapu au chombo kigumu. Mimi niliziweka kwenye begi moja na barua niliyotoka kugongewa muhuri, na nilipofika Moro barua ilikuwa ya zambarau.